Sinia Langoni pa Shule

Baraza yenyewe ni ya saruji, imeegemea ukuta wa duka la rejareja katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani, mjini Tanga, ambazo waliozichora hawakujisumbua kuzitafutia majina bali waliziachia namba. Na mtu aketiye hapo baada ya sala ya alasiri huona, pasipo kugeuza shingo, lango la shule ya msingi, mwembe mkongwe, na meza tatu za biashara zilizotandikwa chini ya kivuli chake. Juu ya meza ya kwanza pana sinia la mihogo ya kukaanga na bagia za kunde; juu ya ya pili pana kashata, visheti na ubuyu uliokolezwa rangi nyekundu hata ukaacha kufanana na ubuyu; ya tatu haina sinia, ina kasha la barafu za mifuko zenye rangi ambazo hakuna tunda lililopata kuwa nazo. Mjadala huu ulianzia hapo, kwa sababu ya mtoto mmoja, na walioshiriki ni watu wanne ambao nitawataja kwa kazi zao tu, maana hawakuja barazani kutafuta umaarufu: Mwalimu wa shule ile ile, kijana wa miaka thelathini na ushei; Muuguzi wa kliniki ya watoto, mama mtu mzima; Mzee aliyezaliwa katika kambi ya mashamba ya katani, mtoto wa manamba; na Mama Lishe mwenye sinia la kwanza. Mimi nilikuwa karani wao, na nilipotia neno langu nitasema ni langu.

Kisa ni chepesi. Mwalimu alifundisha makundi ya chakula, akatoa jaribio, na mtoto mmoja wa darasa la nne akapata kumi kwa kumi, akapigiwa makofi. Kengele ilipolia akatoka mbio na shilingi mia mbili zake, akalipita sinia la bagia kana kwamba limefunikwa kawa, akanunua barafu nyekundu. Mwalimu alimwona kwa macho yake, na ilipofika alasiri alivuka barabara akaja barazani, uso umemwiva.

MWALIMU: Wazee wangu, nisaidieni kufikiri, maana nimefika mahali akili yangu haiendi mbele wala hairudi nyuma. Mtoto yule si mjinga. Ameandika kwa mkono wake kwamba kunde hujenga mwili, kwamba matunda na mboga za majani huulinda, na kwamba sukari ikizidi huozesha meno. Kisha, wino haujakauka, ameipita bagia ya kunde, ambayo ndiyo jibu lake la swali la tatu likiwa limekwisha kukaangwa na kutiwa chumvi, akaenda kununua maji ya rangi yaliyogandishwa. Nilikuwa nikiamini kwamba ugonjwa wa mtaa huu ni ujinga, na kwamba mtoto mmoja aliyefundishwa vema ni mjumbe atakayeifikisha elimu mpaka chunguni kwa mama yake. Sasa naona tashwishi. Ikiwa mjumbe mwenyewe hauamini ujumbe wake, huko nyumbani atauamini nani?

MZEE: Marahaba, mwanangu, kwa ile shikamoo uliyoisahau kwa hamaki.

MWALIMU: Niwie radhi, Mzee wangu. Shikamoo.

MZEE: Marahaba tena. Sasa niambie, makundi hayo siku hizi ni mangapi? Maana sisi tulifundishwa matatu, ya kutia nguvu, ya kujenga mwili na ya kulinda mwili, na kila nikiwauliza wajukuu zangu nasikia yameongezeka, ilhali chunguni sioni kilichoongezeka. Nami nilipata kufundishwa lishe nikiwa kijana, tena si ubaoni. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya tulikaa kwa vikundi chini ya miti, redio katikati, msomaji ana kitabu, nchi nzima watu wapatao milioni mbili. Mwaka 1975, baada ya ukame uliotufedhehesha, ikafuata Chakula ni Uhai, vikundi vile vile, redio ile ile. Tofauti ya darasa lile na lako ni hii, kwamba sisi baada ya kusikiliza hatukupewa jaribio. Tulipewa jembe. Katika kampeni ya kwanza mtu alitoka kikaoni akaenda kuchimba choo, katika ya pili akaenda kupanda mchicha, na asiyepanda alijulikana kwa kuwa ua lake lilionekana.

MAMA LISHE: Nami mnipishe niseme kabla mafuta hayajapoa. Mwalimu, wamhukumu mtoto kwa zile mia mbili ulizoziona, nawe huzioni zile ambazo hakuwa nazo. Mama yake namjua. Huondoka saa kumi za alfajiri kwenda soko la Deep Sea kuwania samaki na wenzake, akapata au akashindwa bei, akarudi kukaanga, akazunguka na beseni mpaka magharibi. Na mtoto huamka akakuta chai ya rangi ndani ya chupa, na kiporo kikiwapo ni bahati yake. Huyu hafiki langoni na swali la lishe. Hufika na njaa, na mwenye njaa na mia mbili mkononi hujua, kuliko sisi sote tulioketi hapa, kwamba bagia mbili hazitamshibisha. Mia mbili hainunui shibe. Na maadamu hainunui shibe, yeye hununua furaha, na furaha ya bei hiyo ni nyekundu na ni ya baridi. Akili hiyo si mpya, Mwalimu. Mimi mwenyewe kodi ya chumba ikinishinda, na nikaona kilichomo kibindoni hakifiki hata nusu yake, huchukua kidogo nikanunua udi nikafukiza, nikalala na harufu nzuri katika chumba cha deni.

Tena mmewaambia akina mama wapike maharagwe. Maharagwe ni rahisi dukani na ghali jikoni. Kopo moja la mkaa huivisha ugali na kuchemsha chai na likabaki la kupashia mboga, lakini maharagwe hulila lote na bado yakang'ang'ana kama kokoto, na mwanamke aliyerudi magharibi hawezi kukaa juu ya jiko saa mbili au tatu wakati watoto wanasinzia. Yeye huukata ugali na mchuzi wa nyanya mbili, wakalala. Mkimwona, mwasema hajui. Anajua vizuri sana; asichokuwa nacho ni mkaa na muda.

Hapa Muuguzi, aliyekuwa kimya akichambua karanga mkononi, aliinua uso, na nilidhani atakuja na maneno ya kliniki, yale ya bango lenye picha ya samaki, yai na nusu ya papai. Hakuja nayo.

MUUGUZI: Kwenye mkaa umenishinda, mdogo wangu. Nimewaambia akina mama wapike maharagwe miaka ishirini, wala sikupata kuuliza yataivia kwa moto wa nani. Lakini usinitie katika kushindwa moja kwa moja. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha hupunguza moto. Choroko huiva upesi kuliko maharagwe. Dagaa hawataki zaidi ya dakika kumi, na kwa kuwa huliwa na miiba yao humpa mtoto madini ya mifupa ambayo steki haina. Tembele hukatwa uani bure. Haya nayo ni elimu, na mama asiyeyajua huteketeza mkaa wake kidogo alionao. Kwa hiyo sitakubali kwamba ufukara umejibu kila swali, kwa sababu nimeona nyumba ambayo kuku wanataga, mayai yakauzwa, na fedha yake ikarudi imekuwa soda na biskuti ya kumtuliza mtoto.

Na hili la ufukara lina mahali pake pa kujaribiwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini mwetu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Miaka saba nyuma yake walikuwa 34, basi tumesogea. Lakini mkoa ulioongoza kwa udumavu haukuwa wa ukame. Ulikuwa Iringa, zaidi ya nusu ya watoto wake, na Njombe na Rukwa zikafuata kwa karibu nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayotulisha sisi wa pwani mahindi, viazi na maharagwe. Hapo hoja ya njaa itasimama kwa mguu gani?

Katika mijadala mingi niliyoandika, tarakimu hutupwa barazani kama jiwe kwenye kundi la kunguru, zikatawanya watu zisiwaache na kitu. Hii haikutawanya. Mzee alirudia jina la Iringa mara mbili, polepole, kama mtu aliyetajiwa jina la ndugu yake katika orodha ya wadaiwa, kwa kuwa huko ndiko baba yake alikotoka alipokuja kukata katani.

MZEE: Basi niambie, mwanangu. Ikiwa chakula kipo na ardhi ipo, kasoro iko wapi? Nao hawakufundishwa?

MUUGUZI: Walifundishwa, Baba, tena vizuri. Katika miaka ya 1980 mkoa huo huo ulisifiwa na dunia kwa mpango wa lishe ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani: mizani zikapelekwa kijijini badala ya mtoto kupelekwa hospitali, mtoto akapimwa mbele ya wanakijiji wenzake, na akionekana amepungua, kijiji chenyewe kikaketi kuulizana kwa nini, na nani atampa nini kesho. Utapiamlo mkali ulipungua. Kisha mpango ukaisha kama miradi iishavyo, na aliyekuwa akiuliza akahamishwa. Mama wa kule huwa shambani tangu jua halijachomoza. Mtoto hubaki na dada yake wa miaka saba, na chakula chake ni uji mwepesi wa sembe asubuhi na ule ule jioni, huku gunia la maharagwe limefungwa kamba pembeni likingoja mnunuzi. Lile gunia huonekana kuwa fedha. Halijapata kuonekana kuwa chakula cha mtoto.

Nitasema na lingine, mniwie radhi, maana si la kusemwa mbele ya wazee. Mtoto akivimba miguu, nywele zikageuka rangi na kunyonyoka, ngozi ikabambuka, sisi kliniki twasema kwashakoo. Mtaani husemwa amebemendwa, na maana yake mwaijua, kwamba wazazi hawakustahimili mpaka mtoto aache ziwa, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa kisha akaja kumshika. Jina letu la kliniki alilitia katika maandiko ya tiba daktari Cicely Williams mwaka 1935, akalitwaa kwa Waga wa Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, nao walilitumia kwa maradhi yampatayo mtoto anapozaliwa mdogo wake. Tazameni ajabu hiyo. Watu wa pwani ile na watu wa pwani hii hawakupata kuonana, na wote walitambua kwamba siha ya mtoto huharibika pindi aondolewapo ziwani. Wao wakautaja uzazi, sisi tukakitaja kitanda, na sahani haikutajwa na yeyote. Na kwa kuwa tumekitaja kitanda, mama hamleti mtoto. Humfunika kanga, akapita vichochoroni, maana kumweka juu ya mizani ni kama kukiri zinaa hadharani. Nimepokea watoto ambao uji wa dagaa na maziwa ungaliwatosha miezi miwili nyuma, wamefika wakati macho hayafuati tena kidole. Mwalimu, wataka kujua kwa nini elimu yako haifiki chunguni. Ya kwangu ina mizani, ina kadi na ina dawa, nayo huzuiliwa mlangoni na haya.

Palipita kimya. Mama Lishe aligeuza bagia ambayo haikuwa na haja ya kugeuzwa. Mimi nilitia neno langu, nikasema kwamba huenda tumekuwa tukilipima jambo hili kwa vipimo viwili tu, umaskini na ujinga, kila mmoja akaegemea kimoja, ilhali kipo cha tatu ambacho hakiandikwi katika ripoti. Na Mzee akaniondolea neno kinywani.

MZEE: Dharau. Haya ya huyo mama na dharau ninayotaka kuisema mimi zimezaliwa tumbo moja. Baba yangu alipoletwa Tanga kwa mkataba, posho yake ya juma ilikuwa unga, maharagwe na chumvi, na sisi watoto wa kambini tulikula maharagwe mpaka tukayachukia, na hatukuyachukia kwa ladha yake, tuliyachukia kwa foleni yake. Siku nilipopata mshahara wangu mwenyewe, haja yangu ya kwanza ilikuwa watu wajue kwamba mimi si mtu wa posho: nikala wali mweupe na nyama, nikanywa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, na mchicha nikawaachia wenye shida. Ikaja miaka ya dhiki iliyofuata Vita vya Kagera, tukaletewa mahindi ya manjano ya msaada, watu wakauita unga wa Yanga kwa utani wa mpira, nasi tukaupika milango imefungwa. Jirani yangu mmoja alikuwa akiuchanganya na sembe kidogo aliyoibania, ili atakayepita dirishani asiione rangi.

MUUGUZI: Na rangi ile, Baba, ndiyo iliyokuwa faida yake. Ile manjano ni asili ya vitamini A, ile ile iliyomo katika embe, papai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na mahindi meupe karibu hayana. Mlikuwa mkiificha dawa ya macho.

MZEE: Basi tuliificha. Nanyi hesabuni leo vyakula ambavyo maskini wa pwani huvila akiona haya: dona, kwa sababu ni ya gerezani na ya bweni, dagaa, kwa kuwa hupimwa kwa kikombe na samaki hutajwa kwa jina lake, kisamvu, matembele, mlenda, uji wa mtama. Kisha hesabuni vile ambavyo akishika fedha kidogo huvikimbilia kwa fahari: sembe iliyokobolewa mpaka kiini chake kikabaki mashineni kuwa chakula cha kuku, chipsi, soda, mkate mweupe. Orodha ya kwanza ndiyo Mwalimu aliyoisifu ubaoni. Ya pili ndiyo aliyoiponda. Mtoto ana masikio. Amesikia mwalimu wake akimwambia ale kile ambacho babu yake, baba yake na mama yake wamefanya kazi umri wao wote ili waepukane nacho. Wewe ungeamini?

MWALIMU: Nakupa haki yako, Mzee wangu, ila dona usiifanye mtakatifu. Kile kiini na lile ganda vinavyoipa dona ubora wake ndimo sumukuvu hupenda kukaa, mahindi yakivunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Na mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumu hiyo. Mwenye fedha huchagua mahindi. Maskini hununua yaliyobaki, na nikimwambia asage bila kukoboa sina hakika kila mara kwamba namwokoa.

Hoja hii ilimpendeza hata Mzee, maana ni nadra barazani mtu kuikosoa rai ambayo ilikuwa ikielekea upande wake. Muuguzi aliikubali, akaongeza tu kwamba kuyakausha mahindi vema na kuyachagua kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya hatari, na kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma, ilhali chungwa huyasaidia. Naye akashangaa, kama ninavyoshangaa mimi, kwamba machungwa ya Muheza hushushwa soko la Mgandini kwa malori na bado mtoto wa Ngamiani hunywa unga wa machungwa uliokorogwa kwenye maji. Hayo tuliyapita upesi, kwa sababu Mama Lishe alikuwa amekwisha kuinua mkono wenye mwiko.

MAMA LISHE: Mwasema dharau, dharau, kana kwamba imeshuka na mvua. Mimi nitawaonyesha inakofundishwa. Shuleni kuna uji. Wazazi huchanga mahindi na fedha kidogo, mpishi akapika sufuria kubwa. Lakini tangu elimu ilipofanywa ya bure mwaka 2016 wazazi wengi walilishika neno bure wakaliacha lililobaki, na wengine hawakuliacha ila hawana. Basi saa nne watoto hupangwa mistari. Mwenye kuchangiwa ana kikombe. Asiyechangiwa hutumwa akafagie uwanja, au huachwa asimame pale aone. Semeni ninyi wasomi, mtoto aliyesimama pembeni akitazama uji wa wenzake kwa muda wa muhula mzima, atakuja kuupenda uji? Ataapa kwamba haupendi. Atasema uji ni wa watoto wadogo. Na mia mbili ikimwangukia, atanunua kitu ambacho hakuna aliyepata kumnyima kwa jina lake.

MWALIMU: Hilo halikuamriwa na mtu mmoja, Mama. Shule haina pa kutoa. Wenzetu wa Kenya walianza mwaka 1979 kugawa maziwa ya Nyayo kwa kila mtoto wa shule ya msingi, mwenye baba tajiri na asiye na baba, nayo yakaja yakakauka. Lakini mwaka 2023 Nairobi ilijenga majiko makubwa ya mpango wauitao Dishi na County, mzazi hulipa shilingi tano za kwao kwa sahani moja, na zilizobaki hulipwa na wengine. Huko mtoto hajulikani kwa sahani yake. Sisi tungefanya hivyo tungefundisha bila kufungua kinywa.

MUUGUZI: Tano yao si sawa na tano yetu, lakini maana nimeielewa. Sahani iwe moja.

MAMA LISHE: Sahani iwe moja? Haya. Nisikilize basi, mwanangu, nami sikukusudia kulisema hili mbele ya wazee wako. Saa nne watoto wanywapo uji, ninyi walimu mwanywa nini?

Mwalimu hakujibu mara moja. Niliona anatafuta neno ambalo lingekuwa kweli na lisiwe aibu, na maneno ya namna hiyo hayapatikani kwa haraka.

MWALIMU: Chai. Na chapati. Mwenye uwezo hununua soda.

MAMA LISHE: Na soda hiyo huletwa na nani?

MWALIMU: Hutumwa mtoto.

MAMA LISHE: Hutumwa mtoto, tena yule mwenye adabu na mbio nzuri, na kila mtoto wa darasa la nne hutamani atumwe yeye. Mimi hukaa hapa, Mwalimu, nami huona wanavyopita. Yule wa kumi kwa kumi ndiye umtumaye wewe. Hupita mbele ya sinia langu ameishika chupa kwa mikono miwili kama amebeba mtoto mchanga, nyekundu hiyo, inatoka jasho la baridi, na wenzake humfuata nyuma wakimwangalia. Wewe ndiye mtu mkubwa kuliko wote anaowajua. Hajapata kukuona ukila bagia.

Mzee alitazama chini akazichezea shanga za tasbihi yake, na Muuguzi, ambaye pengine alikumbuka kinachonywewa kliniki saa hizo hizo, alizimimina karanga zote mkononi kwa mtoto wa mwenye duka. Mimi niliweka kalamu. Ni jambo la kuchekesha, na nimelifikiri mara nyingi tangu siku ile, kwamba mwanamke apikaye barabarani zamani aliitwa mama ntilie, kisha mji ukaona jina hilo halina heshima ukampa la mama lishe. Hivyo neno lishe, ambalo serikali ililiundia taasisi yake kwa sheria ya mwaka 1973, amevikwa mtu ambaye hakuna mwenye bango aliyepata kumwendea kumwuliza mtoto hula nini na kwa nini.

MWALIMU: Uji wa mtama unapika, Mama?

MAMA LISHE: Sipiki. Nani aliyepata kuuliza?

MWALIMU: Mimi nauliza. Mtama na karanga, sukari kidogo. Ningekuja saa nne.

MAMA LISHE: Ungekuja, au utakuja? Maana mtama huo nitaununua kwa fedha ya mafuta.

MWALIMU: Nitakuja.

MAMA LISHE: Basi uje saa nne kamili wakati wametoka, usije saa tano wakati wamerudi darasani. Utanywea hapa, chini ya mwembe, umesimama. Na uje na kikombe chako, mwanangu. Vyangu ni viwili, na vyote vimepasuka.